Kufungua kisima cha gesi kilichozibwa na kimiminika: mwongozo kamili wa tiba ya kemikali

Kisima kinapopungua nguvu huku presha ya hifadhi (mwamba wa chini ya ardhi unaotunza gesi) ikiwa bado nzuri, watu hukimbilia kusema gesi imeisha. Mara nyingi haijaisha. Ipo mita mbili tatu nyuma ya ukuta wa kisima, na kilichokaa njiani ni kimiminika: maji yaliyosukumwa humo wakati wa ukarabati, au kondensati, yaani mafuta mepesi kama petroli yaliyodondoka kutoka kwenye gesi yenyewe. Kemikali zinaweza kuifungua njia hiyo. Zinaweza pia kuiziba zaidi, na tofauti ya matokeo haya mawili huamuliwa kabla pampu haijawashwa, pale mtu anapojibu maswali mawili: ni kimiminika gani, na kimekaa wapi?

Magonjwa manne yanayofanana kwa dalili

La kwanza si uzibaji wa mwamba hata kidogo. Gesi inapanda polepole mno kwenye mrija wa uzalishaji, inashindwa kubeba matone, maji yanarudi chini na kujikusanya. Kwa mrija wa inchi 3½ (kipenyo cha ndani inchi 2.992) wenye presha ya psi 500 (paundi kwa inchi ya mraba) juu, kanuni ya Turner ya mwaka 1969 inadai mwendo wa kama mita 3.7 kwa sekunde ili maji yabebwe. Hiyo ni takribani futi za ujazo milioni 1.7 kwa siku. Kisima kikishuka chini ya hapo, kinajijaza chenyewe. Dawa yake ni sabuni ya kutoa povu, mrija mwembamba zaidi au pistoni ya kupandisha maji. Ukimwaga methanoli ndani ya mwamba kwa ugonjwa huu, umetibu mguu wa mgonjwa anayeumwa jino.

La pili ni maji ndani ya vinyweleo vya mwamba karibu na kisima. Huletwa na maji ya kuchimbia, ya kuua kisima (kukijaza kimiminika kizito ili gesi isitoke), au ya kupasulia mwamba. La tatu ni kondensati. Presha ya chini ya kisima (ile inayopimwa kitakoni, si presha ndogo) ikishuka kupita presha ya umande, sehemu nzito ya gesi inageuka kimiminika papo hapo mlangoni. La nne ni emalshani, maji na mafuta yaliyokorogana yakawa kama maziwa mazito; hili hutokea zaidi baada ya asidi au ukarabati.

Kwa Afrika Mashariki, tofauti hii ina maana. Gesi ya Songo Songo na ya Mnazi Bay ni kavu, karibu yote ni methane, hivyo kisima cha huko kikidhoofika baada ya ukarabati, mshukiwa wa kwanza ni maji. Ntorya, huko Mtwara, ni habari nyingine: kisima cha kwanza kilipopimwa mwaka 2012 kilitoa gesi pamoja na kondensati kidogo. Na Waswahili wanaofanya kazi kwenye mitambo ya Oman wanajua kwamba hifadhi kama ya Saih Rawl ina kondensati nyingi.

Neno "kidogo" lisikudanganye. Uwanja wa Arun, mkoa wa Aceh nchini Indonesia, gesi yake ilipopimwa maabara ilidondosha kimiminika kisichozidi asilimia 1.1 ya ujazo. Mtu angesema si kitu. Visima vyake vilipoteza takribani nusu ya uwezo. Sababu ni kwamba gesi yote ya kisima hupita kwenye eneo dogo lilelile, kila futi ya ujazo inaacha tone lake, na tone halitoki mpaka yawe mengi kiasi cha kushikana na kutiririka.

Nguvu inayoshikilia maji

Maji yanayopenda mwamba hujibana kwenye vinyweleo vyembamba kama wino kwenye karatasi ya kunyonya. Presha ya kuyatoa ni mara mbili ya mvutano wa uso, mara kosaini ya pembe ya mguso (pembe ambayo tone hufanya na ukuta wa kinyweleo), gawanya kwa nusu kipenyo ya kinyweleo. Chukua mvutano wa 0.05 N/m, pembe sifuri, na kinyweleo chenye nusu kipenyo ya mikroni 0.5: unapata pascal 200,000, yaani bar 2. Kinyweleo kikiwa cha mikroni 0.1 ni bar 10. Mwamba mgumu wenye vinyweleo vidogo unaweza kushikilia maji yake milele ikiwa hifadhi imeshachoka na haina bar hizo za ziada.

Hesabu hiyo ndiyo inayoonyesha kemikali zinagusa wapi. Methanoli na pombe nyingine hushusha mvutano, na huyafanya maji yayeyukie kwenye gesi haraka zaidi. Safaktanti, kemikali za jamii ya sabuni, hushusha mvutano kwa dozi ndogo. Kemikali za kubadili tabia ya mwamba huiacha pembe ya mguso iwe kubwa: ukiitoa kwenye sifuri ukaifikisha digrii 80, bar 2 zile zinabaki bar 0.35.

Utambuzi: usinunue dawa kabla ya hapa

Anza na kipimo cha presha kwa kina. Teremsha kipimio kwa waya kisima kikiwa kinazalisha, kisha kikiwa kimefungwa, ukisimama kila mita 100 na kila mita 20 karibu na matundu ya kesingi, bomba la chuma linaloshikilia kuta za kisima; gesi huingilia kwenye matundu hayo. Safu ya maji huongeza karibu bar 0.098 kwa kila mita, kondensati kama bar 0.07, gesi bar 0.01 hadi 0.02. Mchoro ukikunja ghafla mita 300 juu ya matundu, una safu ya kimiminika ndani ya mrija: huo ni ugonjwa wa kwanza, utibu kwanza. Ikiwa mrija ni mkavu mpaka chini na bado uzalishaji ni duni, tatizo liko ndani ya mwamba.

Halafu funga kisima urekodi presha inavyopanda, kwa saa 48 hadi 72 kama mwamba hupitisha gesi kwa shida. Mchoro wa mabadiliko ya presha wa kisima kilichozibwa na kondensati huonyesha kanda mbili au tatu: karibu na kisima gesi inapita kwa shida, mbali inapita vizuri. Tafuta kipimo cha skini, namba inayoonyesha mwamba umezibika kiasi gani karibu na kisima. Kikiwa kikubwa, fanya jaribio la viwango vitatu au vinne vya uzalishaji ili utenge skini ya kudumu na ile inayoletwa na mwendo kasi wa gesi. Ya mwendo kasi haitibiki kwa kemikali.

Kipimo cha tatu ni cha bei ndogo na kinasahaulika kuliko vyote: kloridi kwenye maji yanayotoka separeta, tangi la kutenganisha gesi na vimiminika. Maji yaliyodondoka kutoka kwenye mvuke wa gesi ni karibu matamu. Maji ya hifadhi yana chumvi. Kloridi ikipanda mwezi hadi mwezi, maji ya chini yamefika kwenye matundu, na tiba ya kufungua vinyweleo itakachokufungulia ni njia ya maji. Simama hapo, kazi inayotakiwa ni ya kuziba maji.

Mwisho, linganisha presha ya chini ya kisima na presha ya umande kutoka sampuli ya gesi. Kama hujawahi kuishuka presha ya umande, huna kondensati ndani ya mwamba, hata kama separeta inajaa.

Kuchagua kemikali

Kwa maji baada ya ukarabati: methanoli au isopropanoli, peke yake au pamoja na safaktanti isiyo na chaji kwa lita 2 hadi 5 katika kila lita 1,000. Methanoli ni nyepesi (0.79), inachemka nyuzi 64.7 za Selsiasi na huzuia pia barafu ya gesi kwenye kichwa cha kisima. Isopropanoli ni ghali zaidi, inachemka nyuzi 82, na huelewana na mafuta vizuri kidogo.

Pale mwamba ulipopakwa mafuta, ongeza kiyeyushi cha pande mbili, kile kinachochanganyika na maji na mafuta pia, kwa asilimia 5 hadi 10. Kinachotumika sana ni 2-butoksiethanoli. Tahadhari moja ambayo karatasi za wauzaji hazipendi kuitaja: kikiwa na maji matupu, kiyeyushi hiki hujitenga katika tabaka mbili kuanzia nyuzi 49 hivi, na chumvi hushusha nyuzi hizo zaidi. Mchanganyiko unaopendeza kwenye chupa kwa nyuzi 25 unaweza kuwa tabaka mbili kwenye mwamba wa nyuzi 95. Pombe ndani ya mchanganyiko husaidia kuvishikanisha.

Kwa kondensati, methanoli nyingi hufanya kazi kwa muda. Inasukuma maji na kondensati pamoja, na inapobaki kwenye mwamba inachelewesha kondensati mpya kujikusanya. Kazi inayokumbukwa ni ya kisima kimoja cha Hatter's Pond, Alabama, nchini Marekani, kilichopewa mapipa kama 1,000 ya methanoli. Uzalishaji uliongezeka takribani mara mbili. Lakini presha ya chini ikibaki chini ya presha ya umande, kondensati inarudi. Ni wiki au miezi, si miaka. Meneja anayeahidiwa tiba ya kudumu kwa methanoli anadanganywa.

Kwa hiyo likaja wazo la kubadili tabia ya mwamba ili usipende maji wala mafuta. Dawa za jamii ya florini hufanya hivyo: takribani asilimia 2 kwa uzito, zikiwa zimeyeyushwa ndani ya mchanganyiko wa 2-butoksiethanoli na ethanoli, au propilini glikoli na isopropanoli. Kwenye vipande vya mwamba maabara, upitaji wa gesi na kondensati huongezeka kama mara mbili, na matokeo hudumu kwa sababu dawa imeshika kwenye ukuta wa kinyweleo. Matatizo ni mawili. Maji yenye chumvi nyingi huifanya dawa idondoke kabla haijashika, hivyo lazima yatangulizwe kutolewa. Na kemikali za florini zisizooza zinabanwa duniani kote: PFOS, mojawapo ya kemikali hizo, iliingizwa kwenye Mkataba wa Stockholm (unaodhibiti kemikali sumu zisizooza) mwaka 2009, mwenzake PFOA mwaka 2019, na kampuni ya 3M ilitangaza Desemba 2022 kuwa itaacha kutengeneza jamii hiyo nzima ifikapo mwisho wa 2025. Kabla hujaagiza, uliza ni molekuli gani, na maji yatakayorudi utayapeleka wapi.

Kwa emalshani, ni dawa ya kuvunja emalshani iliyochaguliwa kwa majaribio ya chupa, ikibebwa na zailini, kiyeyushi cha mafuta. Nta nayo haijali pombe. Inataka zailini ya moto au dizeli.

Kosa la kemia linaloharibu visima vizima ni chaji ya safaktanti. Mwamba wa mchanga una chaji hasi. Safaktanti yenye chaji chanya huning'inia humo na kuufanya upende mafuta. Mwamba wa chokaa ni kinyume chake. Ukiwa na shaka, tumia isiyo na chaji.

Maabara, siku tatu zinazookoa kisima

Chukua maji ya kisima chenyewe, si ya kisima jirani, na kondensati yake. Changanya dawa na maji kwa 25 kwa 75, 50 kwa 50, na 75 kwa 25. Weka kwenye chupa za presha, pasha hadi nyuzi za hifadhi, acha saa 24. Unatafuta mambo matatu: ukungu, tabaka, na mashapo.

Mashapo meupe yanayong'aa chini ya chupa, yanayokwaruza ukiyasugua kwa kijiti cha kioo, ni chumvi. Methanoli hunyang'anya maji uwezo wa kuyeyusha chumvi, hivyo maji mazito ya hifadhi yakikutana na methanoli kavu yanamwaga fuwele ndani ya vinyweleo, palepale unapotaka kupafungua. Ukiona hayo, tanguliza propilini glikoli na isopropanoli, kwa sababu glikoli huvumilia chumvi, kisha rudia jaribio kwa mpangilio uleule utakaotumika kisimani.

Rudia pia ukiongeza chuma kidogo, kutu iliyosagwa kutoka kwenye mrija, na udongo wa mfinyanzi wa mwamba huo. Kama kipande cha mwamba kipo, pitisha gesi, ziba kwa maji au kondensati, pima, tibu, pima tena, kwa presha na joto la hifadhi. Jaribio hilo likionyesha ongezeko chini ya asilimia 20, usiende kisimani ukitarajia zaidi.

Hesabu ya ujazo na presha

Tuseme tabaka lina unene wa mita 15, vinyweleo ni asilimia 12 ya mwamba, nusu kipenyo ya kisima ni mita 0.11, na unataka dawa ifike mita 2. Ujazo wa vinyweleo ni π × (2² − 0.11²) × 15 × 0.12, sawa na mita za ujazo 22.6, au mapipa 142. Zidisha kwa 1.5, kwa sababu dawa haiendi sawasawa pande zote: kama mita za ujazo 34. Kwa methanoli hiyo ni karibu tani 27. Ukitaka mita 3, ujazo wa vinyweleo unaruka hadi 50.8. Hapo ndipo bajeti hukata maneno. Kwa maji ya ukarabati mita 2 mara nyingi zinatosha, kwa kondensati hazitoshi.

Presha ya juu kabisa ya pampu ni jambo la kukokotoa kila mara upya. Kina ni mita 2,000. Zamani mwamba ulipasuka kwa bar 0.16 kwa mita, yaani bar 320 chini. Chukua asilimia 90, bar 288, toa uzito wa safu ya methanoli (0.79 × 0.0981 × 2,000 = bar 155): kikomo juu ni bar 133. Lakini hifadhi ikichoka, mwamba nao hupasuka kwa presha ndogo zaidi. Ikiwa sasa ni bar 0.13 kwa mita, kikomo kinashuka hadi bar 79. Anayenakili namba ya faili la zamani anapasua mwamba, dawa inakimbilia kwenye ufa, na vinyweleo vilivyoziba vinabaki vilivyo. Tofauti ni bar 54 tu kwenye karatasi.

Angalia pia upande wa pili. Kama presha ya hifadhi imebaki bar 150, safu ya methanoli ya bar 155 itazama yenyewe na kisima hakitaweza kuinyanyua. Ndiyo maana kazi kama hii hufungwa kwa nitrojeni. Mrija wa inchi 3½ wenye mita 2,000 una mita za ujazo 9.07, kuujaza nitrojeni kwa bar 150 hutaka kama mita za ujazo 1,200 zikipimwa kwa hali ya kawaida ya hewa. Ongeza za kusukuma dawa ndani ya mwamba na akiba ya kunyanyulia.

Vibali na usalama

Tanzania, kazi ndani ya kisima inapita PURA (mamlaka ya udhibiti wa utafutaji na uzalishaji wa petroli na gesi), mazingira NEMC (baraza la mazingira), na kemikali zenyewe, kuanzia kuingiza hadi kusafirisha, Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Anza mapema, dawa iliyokwama bandarini wakati kisima kimefungwa ni hasara maradufu.

Methanoli inawaka kuanzia nyuzi 11 hivi, kwa maana hiyo katika pwani yetu iko tayari kuwaka saa zote. Mwali wake mchana hauonekani vizuri: mtu anaweza kuingia motoni bila kujua. Mweke mtu mwenye kamera ya joto, na povu la zimamoto liwe lile linalohimili pombe. La kawaida huyeyuka. Glavu ziwe za butili. Inapenya ngozi, na mililita 10 zikinywewa zinaweza kupofusha. Kenya, mwaka 2014, makumi ya watu walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli, hivyo matangi yafungwe kwa kufuli, hesabu ya lita ifanywe jioni na asubuhi, na kila mfanyakazi, pamoja na mlinzi na mpishi, aambiwe kwa Kiswahili cha wazi kwamba hiyo si gongo.

Kagua mipira ya kuzibia kwenye pampu, vali na pakari (kizibo kati ya mrija na kesingi). Baadhi ya mipira ya florini, iliyo bora kwa mafuta, huvimba kwenye methanoli. Pata jibu la maandishi la mtengenezaji kwa kila kipande.

Siku ya kazi

1. Chukua kipimo cha msingi: uzalishaji wa siku mbili kwa choki (tundu linalodhibiti mtiririko juu ya kisima) isiyoguswa, presha ya juu na ya chini, kondensati, maji, kloridi. Bila hiki hutajua kama umefaulu.

2. Safisha mrija. Kutu iliyomo itayeyuka au kubanduka na kusukumwa kwenye mwamba. Pampu asidi dhaifu yenye kizuia kutu, ujazo mdogo, kwa mrija wa koili (mrija mwembamba unaoviringishwa kwenye rola na kuteremshwa ndani ya kisima), na uirudishe juu. Isiingie kwenye matundu. Safisha pia matangi ya lori. Tangi lililobeba dizeli wiki iliyopita limeshaharibu kazi.

3. Panga mitambo upande unakotoka upepo. Unganisha kila kitu na waya wa ardhini, funika matangi kwa nitrojeni (inazuia moto na pia oksijeni inayoleta kutu), weka vali ya kutorudi karibu na kichwa cha kisima. Jaribu mabomba kwa maji hadi mara 1.25 ya kikomo chako, kisha yakaushe kabisa kwa nitrojeni.

4. Chuja dawa yote kwa kichujio cha mikroni 2 hadi 5. Chukua sampuli ya lita moja kutoka kila tangi, iandike saa, itunze.

5. Pampu kitangulizi (kimiminika kinachoitangulia dawa, kama glikoli na isopropanoli zilizotajwa), mita za ujazo 4 hadi 6 katika mfano wetu, kwa mita za ujazo 0.2 hadi 0.3 kwa dakika.

6. Fuata na dawa kuu. Mita za ujazo 34 kwa 0.3 kwa dakika ni kama saa mbili. Angalia presha: ikipanda polepole kisha ikatulia, dawa inaingia. Ikishuka ghafla huku kasi ikiwa ileile, mwamba umepasuka au mrija umetoboka. Simamisha, linganisha na presha ya kesingi. Ikipanda moja kwa moja kuelekea kikomo, shusha kasi nusu, na ikizidi kupanda acha: kuna mashapo.

7. Kwa tabaka refu lenye sehemu nzuri na mbaya, usimwage yote kutoka juu. Dawa itakimbilia sehemu nzuri ambayo haikuwa na shida. Tumia mrija wa koili kusogea juu na chini ya matundu, au gawa dawa mafungu matatu na uweke povu la nitrojeni katikati yake.

8. Sukuma kwa nitrojeni mpaka tone la mwisho la dawa limepita matundu na kuingia ndani.

9. Kuloweka: methanoli kwa maji, saa 2 hadi 6, hakuna faida ya kuilaza usiku kucha. Dawa ya florini inahitaji saa 12 hadi 24 ili ishike. Kuizidisha siku tano kwa sababu lori la vifaa limechelewa ni kuyapa maji nafasi ya kurudi.

Kufungua kisima

Hapa haraka inagharimu. Fungua kwa choki ya 12/64 ya inchi, shikilia saa 4 hadi 6, panda hatua kwa hatua: 16, 20, 24. Kila hatua subiri presha ya juu itulie na chujio la mchanga likaguliwe. Ukifungua wazi kwa pupa, chembe laini za mwamba zinakimbilia kwenye vinyweleo vilivyotoka kufunguliwa, na kwa kisima cha kondensati unashusha presha ya chini na kuutengeneza ukuta uleule uliotoka kuubomoa.

Kinachorudi kisiende kwenye bomba la mauzo. Kipeleke kwenye tangi la muda, pima uzito wake kwa haidromita kila saa. Maji yenye methanoli ni mepesi: usomaji ukiwa 0.85 bado dawa ni nyingi, ukikaribia 1.00 au zaidi ni maji ya kisima. Methanoli kwenye gesi huchafua vichujio vya molekuli vya mtambo wa kusafisha, na maji yenye methanoli huvuruga bakteria wa bwawa la maji taka, kwa hiyo mwendeshaji wa mtambo apigiwe simu kabla, si baada. Ikiwa saa 24 zimepita na kisima hakijanyanyuka, nyanyua kwa nitrojeni kupitia mrija wa koili. Kisima kilicholemewa na dawa yake mwenyewe si kisima kilichokufa.

Kupima kama imefaulu

Kuongezeka kwa uzalishaji pekee hakutoshi, kwa kuwa choki imeguswa. Tumia faharasa: uzalishaji gawanya kwa mraba wa presha ya hifadhi ukitoa mraba wa presha ya chini ya kisima. Tuseme presha ya hifadhi ni bar 150. Kabla, kisima kilitoa futi za ujazo milioni 2.0 kwa siku kwa presha ya chini ya bar 60: 22,500 − 3,600 ni 18,900. Baada, milioni 3.4 kwa bar 80: 22,500 − 6,400 ni 16,100. Uzalishaji umeongezeka mara 1.7, lakini faharasa imeongezeka mara 2.0, mwamba umefunguka kuliko mita ya mauzo inavyoonyesha. Kinyume chake hutokea pia: uzalishaji unaongezeka, faharasa imesimama, na sifa zote ni za choki.

Pima siku ya 14, ya 60 na ya 180, kwa choki ileile. Faharasa ikipanda kisha ikaporomoka ndani ya wiki mbili kwenye kisima cha kondensati, dawa haikufika mbali au presha ya chini iko chini mno. Inua presha kwanza, hata kwa kuacha gesi kidogo. Ikiporomoka huku kloridi ikipanda, ni maji ya hifadhi. Ikikataa kupanda tangu mwanzo na sampuli za kwanza zilizorudi zina ukungu mzito, vunja emalshani kwa zailini na dawa yake kabla ya kuongeza methanoli yoyote. Na ikiwa kila miezi mitatu unalazimika kurudia tani 27 zilezile, weka gharama za mwaka mzima kando ya bei ya kupasua mwamba mara moja, au ya kurudisha gesi kavu ardhini kama walivyofanya Arun, na uipeleke kwenye kikao ikiwa ukurasa mmoja.